Daraja Lililosimama kwa Sifa

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Abihudi Mshana aliendesha hoteli ya chakula nyuma ya kiwanda cha mkonge, na kazi hiyo ilimjengea tabia ambayo marehemu mkewe aliiita ugonjwa. Hakuamini sifa. Mteja akimwambia, "Leo umetupikia," alijibu ahsante, akasubiri mteja aondoke, kisha akaenda kuitazama sahani. Wali ukiwa umebaki nusu, alijua amesifiwa bure. Sahani ikiwa nyeupe, hakuhitaji kusifiwa. Kwa kutazama sahani aliikuza hoteli, akasomesha watoto, na kitinda mimba wake, Naetwe, akasoma mpaka akafika mahali ambapo baba yake hakuweza tena kumfuata, akaajiriwa katika nchi ya Makadirio.

Naetwe ndiye aliyemwita. Katika Makadirio kuna Sikukuu ya Daraja, na mwaka huo yeye alikuwa ameteuliwa kupanda gari la mbele kabisa katika msafara wa kuvuka, heshima ambayo mtu wa kuja hajawahi kupewa. Alimpigia baba yake simu akamwambia aje amwone. Mzee akafunga mzigo. Namna alivyofika haina haja ya kusimuliwa. Alisafiri kama watu wanavyosafiri, akachoka kama wanavyochoka, akamkuta bintiye mpakani amesimama kando ya gari lisilo na dereva.

Hawakwenda mbali. Katikati ya barabara nyeupe, iliyonyooka, gari lilisimama lenyewe. Mbele yao yalikuwa yamesimama mengine, na mbele ya hayo mengine, hadi upeo wa macho.

"Kuna mbuzi," Naetwe alisema.

Abihudi alichungulia kushoto na kulia, akasema yeye haoni mbuzi. Naetwe akamweleza kwa subira. Magari ya huko huongea yenyewe kwa yenyewe. Kila gari huliuliza la mbele yake habari za njia, na lile huliuliza lililo mbele zaidi, basi hakuna gari linalohitaji kutazama. Gari moja huko mbele lilikuwa limemwona mbuzi akikatiza, likalipasha habari la nyuma, nalo likalipasha la nyuma, mpaka nusu ya nchi ikasimama.

"Na huyo mbuzi yuko wapi sasa?"

"Ameshaondoka siku nyingi, baba. Ila hajafutwa."

Kumfuta ilikuwa kazi ya ofisi kuu peke yake. Hadi ofisi imfute, mbuzi alihesabiwa yupo. Abihudi aliwatazama watu waliokuwa katika magari ya jirani. Mmoja alikuwa ananyoa ndevu, mwingine amefungua bakuli la maharage, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kushuka. Aliposhika kitasa cha mlango, Naetwe alimzuia mkono. Katika Makadirio, kushuka garini ukaenda kutazama ni utovu wa adabu, sawa na mgeni kufunua sufuria ya mwenye nyumba. Mzee akarudi kitini, akakaa na mbuzi wake asiyekuwepo mpaka ofisi ilipomfuta.

Ndipo wakafika darajani. Daraja la Imani limejengwa juu ya korongo refu ambalo chini yake mto unaonekana kama uzi. Abihudi hakupenda vimo virefu. Gari lilipopanda daraja alifumba macho, akabaki na masikio tu, na masikio yakamletea mlio wa kitanda cha chuma ambacho mtu mzito anajigeuza juu yake. Mlio ulipokwisha alifumbua macho. Walikuwa ng'ambo, na gari limesimama mbele ya kibanda chenye kisanduku kidogo cheusi. Sauti laini ikatoka humo ikamkaribisha mgeni na kumuuliza amelionaje daraja.

Naetwe alikuwa akimtazama baba yake kwa macho ya mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Mzee Abihudi alikuwa mtu aliyelelewa. Akasema, "Daraja zuri mno. Sijapata kuona la mfano wake."

Naetwe akamshika mkono, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Visanduku vile vyeusi huitwa masikio, na vimo kila mahali Makadirio: barazani, sokoni, kanisani, msikitini, hata kwenye vyumba vya kujifungulia. Kazi yake ni kusikia maneno ya watu na kuyapima yana furaha kiasi gani. Sheria ya nchi inasema serikali haitatawala kwa kubahatisha. Itatawala kwa kujua wananchi wanavyojisikia. Kila asubuhi hutangazwa jinsi nchi ilivyoamka, mtaa kwa mtaa, na mtaa ulioamka vibaya hupelekewa dawa.

Dawa yenyewe Abihudi aliisikia kwa Bi Sikudhani, jirani wa Naetwe, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyempeleka nyuma ya banda la kuku ndipo akafungua mdomo. Alisema mwaka mmoja maji yalikatika mtaani kwao. Watu wakalalamika, masikio yakasikia, na kesho yake ikaja bendi ya matarumbeta.

"Matarumbeta ya nini?"

"Si tulikuwa na huzuni? Wakapiga asubuhi hadi jioni. Wakakaukwa na makoo, ikabidi tuwape maji, nayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki mtungini."

Tangu hapo, alisema, mtaa ulijifunza kufurahi. Mumewe peke yake ndiye aliyekuwa mgumu wa kujifunza. Taa za barabarani zilipozimika, alikwenda mbele ya sikio akasema anawashukuru sana wakubwa kwa giza lile tamu, kwani sasa hata wezi wanafanya kazi bila kusumbuliwa. Sikio halijui kejeli. Wiki haikuisha wakaja mafundi wakang'oa nguzo zote, na ofisa akampa mzee yule mkono wa pongezi.

Abihudi alicheka mpaka kuku wakashtuka. Kisha akauliza habari za daraja.

"Daraja ni zuri," alijibu Bi Sikudhani mara moja.

"Hapa hatusikiki, mama."

"Najua, shemeji. Ulimi ndio umeshazoea."

Akamuuliza kama siku ya sikukuu naye atakuwa katika msafara. Bi Sikudhani akainama, akaanza kuokota mayai. Alisema goti lake humsumbua. Humsumbua kila mwaka, siku hiyo hiyo, na kesho yake hupona. Alipokuwa akisema hivyo hakumtazama mgeni usoni, na Abihudi akahisi kile alichokuwa akihisi zamani mteja aliposifu mchuzi huku amefunika sahani kwa karatasi.

Siku iliyofuata Naetwe alimpeleka mahali pake pa kazi, Nyumba ya Kielelezo. Ni jengo baridi lisilo na madirisha. Ndani yake kompyuta zinachora nchi nzima upya kila sekunde, mchoro wanaouita kielelezo: barabara, magari, mito, na ukutani, kubwa kuliko vitu vyote, Daraja la Imani linang'aa kama limepakwa mafuta. Mkadiriaji Mkuu, Bwana Fumbwe, aliwapokea mwenyewe. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu ambavyo havikuonyesha kama vimewahi kukanyaga udongo, na alimwita Abihudi "mzee wetu" tangu salamu ya kwanza.

Mzee alilisifu daraja la ukutani, na safari hii alilitazama kweli. Kisha akauliza ni nani anayekwenda kuliangalia lile la nje.

Bwana Fumbwe hakukasirika. Alieleza kwamba lile la nje lina ubaya wake. Lina jua, lina vumbi, lina ukungu wa asubuhi. Mtu akilitazama anaweza kuona vibaya akazusha hofu. Hili la ukutani halina ukungu. Zaidi ya hayo, lile la nje ni moja tu, na kwenye kielelezo daraja linaweza kuvukwa mara milioni moja kabla ya chai, kwa mvua, kwa kimbunga, kwa tetemeko, na halijaanguka hata mara moja.

"Limejuaje kwamba halitaanguka?"

Hapo Naetwe aliingia kwa furaha, maana hiyo ilikuwa kazi yake. Zamani, alisema, daraja lilifungwa vipima mtikisiko mwili mzima. Mvua ikaviua kimoja kimoja. Kila kilipokufa kimoja, kielelezo kilikisia kingesema nini kwa kusikiliza vilivyobaki, mpaka vikafa vyote. Ofisi ikababaika. Ndipo yeye, Naetwe binti Abihudi, akafukua kumbukumbu za miaka ya mwanzo, akagundua jambo: katika miaka ile, siku ambazo vipima vilionyesha daraja limetulia, maneno ya watu waliovuka nayo yalikuwa na furaha. Vitu viwili vilikwenda sambamba. Kwa hiyo ya nini kupanda darajani kufunga vyuma vipya? Maneno yatosha. Sasa uthabiti wa daraja hupimwa kwa yale ambayo watu wanasema juu yake, na kwa magari yanayovuka salama. Kila gari likivuka, daraja linahesabiwa limeimarika kidogo. Leo lina nguvu kuliko siku lilipofunguliwa.

Abihudi alisikiliza akiwa ameshika kofia. Hakuwa mtu wa hesabu kubwa, lakini alijua kufuata kitu kutoka jikoni hadi mezani. Akauliza magari yanajuaje kwamba ni salama kuvuka. Akajibiwa kwamba kila gari huliuliza la mbele. Na la mbele kabisa? Hilo hukiuliza kielelezo. Na kielelezo? Huwasikiliza watu. Na watu wanajuaje?

"Wanaona magari yanavuka," alisema Bwana Fumbwe, na akatabasamu kama mtu aliyefunga mlango vizuri.

Mzee alimtazama bintiye, akitumaini kuona walau kope moja ikitikisika. Haikutikisika.

Kisha Mkadiriaji Mkuu akamshukuru. Alisema wenyeji husifu kwa mazoea, jambo ambalo kielelezo kinalijua na kulipunguzia uzito. Mgeni hana sababu ya kujipendekeza. Neno la mgeni mmoja mwenye umri wake lina uzito wa mtaa mzima, na lile alilolisema kibandani lilikuwa limeupandisha uthabiti wa daraja kuliko ulivyopata kupanda. Kwa ajili hiyo ofisi imeamua jambo la furaha. Miaka yote msafara wa sikukuu ulivuka kwa mafungu madogomadogo, kwa tahadhari tu. Mwaka huu magari yote yatavuka kwa pamoja, bampa kwa bampa, na katikati ya daraja yatasimama ili watu waimbe.

Abihudi akavaa kofia yake.

Asubuhi ya pili, Naetwe alipokwenda kazini, mzee alikwenda darajani kwa miguu. Watu walimtazama kutoka madirishani kama anayepita uchi. Alipofika alishika reli, na kutu ikambandukia kiganjani kwa maganda, kama ukoko unaotoka chunguni. Mbele, katikati kabisa ya daraja, palikuwa na dimbwi la maji, na ndege walikuwa wakioga ndani yake. Jambo hilo lilimsumbua. Daraja hujengwa na mgongo ili maji yatiririke pembeni; hili lilikuwa limebonyea kama godoro la nyumba ya wageni. Akasogea kwa kusitasita. Karibu na dimbwi palikuwa na ufa baina ya bamba na bamba, mpana wa kuingiza mkono, na ndani ya ufa watu walikuwa wameshindilia maua ya sikukuu ili usionekane. Baadhi yalikuwa meusi, yamegandamana kama ugoro. Ya juu yalikuwa ya mwaka jana. Gari moja tupu lilipita. Maji ya dimbwi yakahamia upande mmoja, yakachelewa sana kurudi.

Alirudi nyuma kwa hatua ndogondogo, akaenda moja kwa moja kibandani. Sikio likamuuliza amelionaje daraja. Safari hii alisema kweli, tena kwa sauti: daraja limeoza, limebonyea, limepasuka, msipitishe watu. Sauti laini ikamshukuru.

Jioni ile matarumbeta yakaja barazani kwa Naetwe.

Walikuwa watu sita wenye mashavu makubwa, na walipiga kwa bidii. Naetwe alirudi akamkuta baba yake amekaa katikati yao, mikono magotini. Akamweleza, kwa aibu kidogo, kwamba maneno yake yamesafishwa. Mzee aliyetembea juani, akiwa mbali na kwake, hawezi kupimwa kama mtu mwenye utulivu. Kielelezo kimetambua kwamba ana njaa na amekumbuka nyumbani. Neno lake la kwanza ndilo linalobaki.

"Lile la kwanza nilisema nimefumba macho," alisema Abihudi.

Naetwe akageuka kumtazama.

"Sikuliona daraja, mama. Niliogopa kimo. Nilisema vile ili nisikutie aibu."

Naetwe alisema hilo ni neno moja tu, na kielelezo kina maelfu. Baba yake akamwambia amuulize Bi Sikudhani kuhusu goti lake, kisha awaulize hao maelfu wengine magoti yao huuma lini. Akamweleza dimbwi, akamweleza ufa na maua. Naetwe alisema dimbwi halipo kwenye kielelezo. Alisema hivyo kwa sauti ya juu, kwa sababu ya matarumbeta, na labda kwa sababu nyingine.

"Basi usipande hilo gari. Ni hilo tu ninalokuomba."

"Nisipopanda watasema nimeogopa. Watu wakisikia nimeogopa mimi niliyetengeneza kipimo, maneno yao yatabadilika, na uthabiti utashuka wakiwa juu ya daraja. Nikishuka mimi, baba, nitakuwa nimewaua."

Abihudi alimtazama usoni akatafuta utani. Hakuupata. Mwanawe aliamini kwamba chuma kitasikia. Alikuwa amemlipia masomo hayo yote kwa sahani za wali.

Siku ya sikukuu alimwomba Bi Sikudhani kigoda. Alimpa bila kuuliza cha nini, akamwongezea na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mzee akatangulia, akafika kwenye mdomo wa daraja, akaweka kigoda katikati ya barabara, akakaa akitazama upande ambao msafara ungetokea. Hakuwa na hasira. Alikula muhogo wake.

Magari yalikuja kwa maringo, yamepambwa maua na vitambaa, bampa kwa bampa kama ilivyoagizwa. La mbele lilimwona mzee, likasimama. Likalipasha la nyuma, nalo likalipasha la nyuma, mpaka nyimbo zikakatika moja baada ya nyingine, hadi mbali kabisa.

Gari la Bwana Fumbwe lilikuwa la pili. Hakushuka, aliteremsha kioo na kumwomba mzee wetu asogee. Mzee wetu akamjibu kwamba atasogea akifutwa, kama mbuzi. Hapo palizuka mjadala ambao wazee wa Makadirio, kwa ninavyosikia, hawajaumaliza hadi leo. Wakadiriaji waliongea kutoka dirisha hadi dirisha. Mmoja alitaka mzee afutwe mara moja. Mwingine akamkumbusha kwamba ili mtu afutwe lazima kwanza aandikwe, na kwenye kielelezo mgeni huyu yuko nyumbani kwa bintiye, ameshiba, anasikiliza matarumbeta. Basi na aandikwe, alisema wa tatu. Aandikweje? Akiandikwa kama mtu asiyeliamini daraja, neno lake lina uzito wa mtaa, uthabiti utashuka chini ya kiwango cha sheria, na sikukuu itabidi ivunjwe. Akiandikwa kama mtu anayeliamini, hakuna furaha duniani inayomfanya mtu akae njiani akazuia msafara. Bwana Fumbwe alifuta jasho. Maua ya magarini yalianza kulegea.

Abihudi hakuwasikiliza. Alikuwa akimtazama Naetwe nyuma ya kioo cha gari la mbele, amevaa vazi jeupe la heshima, amekunja midomo vile alivyokuwa akiikunja utotoni alipokatazwa kitu mbele za watu.

"Shuka utazame sahani," alimwambia. "Ukirudi ukaniambia ni nyeupe, nabeba kigoda changu."

Naetwe alikuwa amekulia katika hoteli ile. Kabla hajajua kusoma alikuwa akitumwa mezani kuhesabu mifupa iliyoachwa ikiwa bado na nyama. Alikaa kitambo, mkono kwenye kitasa, na wenzake wote wakimtazama. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaweka mguu kwenye barabara, na kutoka kwenye msafara kukasikika mguno mmoja mrefu kama vile mtu amefunua sufuria ya mkwe.

Alimpita baba yake bila kumtazama, akaingia darajani. Mzee hakugeuka. Alikuwa amemtaka aende, na sasa alihesabu kila hatua iliyolia juu ya bamba. Alisikia hatua zikisimama. Alisikia maji yakichezeshwa. Hata madirishani waliacha kubishana.

Aliporudi vazi lilikuwa na tope mpaka magotini. Mkononi alishika bonge la maua lililogandamana, meusi chini, makavu juu, na vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa kutu. Hakuwahutubia watu. Alikwenda hadi kibandani, na sikio likamuuliza kwa sauti yake laini amelionaje daraja letu. Naetwe akasimama mbele yake bila kusema. Likauliza tena. Hakusema. Likauliza mara nyingine, kwa upole uleule, kwa kuwa halikutengenezwa kupima mtu aliyenyamaza. Aliweka bonge la maua juu ya kisanduku, akarudi kwa baba yake.

"Chukua kigoda, baba," alisema. "Kule juu, kabla ya korongo, mbuzi wanavukia kwenye mawe."

Wakavuka huko, maji yakiwafika vifundoni, na hawakurudi tena Makadirio.

Yaliyofuata waliyasikia kwa simu, kwa Bi Sikudhani, aliyekuwa akipiga kutoka nyuma ya banda la kuku. Msafara haukuondoka. Gari la mbele, tupu, liliendelea kuyaambia ya nyuma yake kwamba kuna mzee amekaa njiani, nayo yakaamini. Ofisi haikuweza kumfuta kwa kuwa haikuwa imemwandika. Watu walisubiri wee, mwisho wakafanya jambo ambalo halijapata kuonekana katika nchi ile: wakashuka, wakarudi makwao kwa miguu, wengine wakilia kwa aibu na wengine, alisema, wakitazama huku na huku kama watoto. Hakuna gari lililokanyaga daraja tangu siku hiyo. Mvua kubwa ziliponyesha likaanguka lenyewe, lote, kwa mlio uliosikika hadi sokoni, na juu yake hapakuwa na kiumbe isipokuwa ndege, nao waliruka.

"Na ofisi inasemaje?" aliuliza Abihudi.

Bi Sikudhani alisema ofisi imetangaza mambo mawili. La kwanza, daraja limevunjwa na mgeni mmoja kwa kutoliamini. La pili, kwa kuwa sasa halibebi mzigo wowote, uthabiti wake umefika juu kabisa, mahali ambapo haujawahi kufika. Wananchi wanaombwa kuendelea kulisemea vizuri.

"Nawe unalisemea?"

"Asubuhi na jioni, shemeji. Sina mtungi wa kuwanywesha wale watu tena."

Naetwe aliyasikia hayo akiwa ameketi meza ya pembeni, katika hoteli nyuma ya kiwanda cha mkonge. Hakucheka. Tangu warudi alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi alisaidia jikoni, alasiri alikaa akitazama mikono yake, na baba yake hakumuuliza kitu, kwa sababu alijua ni nini kilichoanguka huko pamoja na daraja. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi mzee. Kila alipompa chakula, bintiye alisema, "Kizuri sana, baba," kwa sauti laini ambayo Abihudi aliijua ilikotoka.

Siku hiyo alimwekea wali na mchuzi wa samaki, akakaa mbele yake, akamtazama anavyokula. Naetwe alikula kidogo. Akaweka kijiko. Akafungua mdomo kusema lile neno lake, akaitazama sahani iliyobaki nusu, kisha akamtazama baba yake.

"Chumvi imezidi," alisema.

Abihudi akaivuta sahani, akachota, akaonja. Ilikuwa imezidi kweli. Akamaliza wali wote uliobaki, polepole, kisha akainuka kwenda jikoni kumpikia mwingine.